Hajulikani Hapa

Mtaa wa Kanisa 9, Veldersum
9 Februari 1998

Bibi Wolbers,

Humu ndani utakuta mwaliko wako wa kupimwa macho, orodha ya mbegu za bustani, na kadi kutoka kwa mtu anayeitwa Wim. Kadi haikuwa na bahasha, kwa hiyo nimeisoma. Goti lake limepona. Bahasha ya macho niliifungua kabla ya kutazama jina, na nusu saa nzima nilikaa nikijiuliza nani amepeleka habari kwamba sioni vizuri. Ndipo nikavaa miwani, nikaona jina lako.

Hatujuani. Mimi ni Fenna Huising, mjane, umri miaka sabini na miwili, nyumba namba tisa, Mtaa wa Kanisa, kijiji cha Veldersum. Wewe nawe uko namba tisa, Mtaa wa Kanisa, Hommelte. Tangu mwaka mpya, walipotuchukua sisi na nyinyi wakatufanya manispaa moja na kutupachika jina la Middelvelde, kompyuta yao imefuta majina ya vijiji. Wote tumekuwa Mtaa wa Kanisa 9, Middelvelde, na mwenye baiskeli ya posta anabahatisha.

Jina lenyewe sijalizoea. Linasikika kama dawa ya kikohozi.

Nakuandikia kwa sababu moja. Nasubiri bahasha kutoka idara ya makaburi. Haki ya kaburi la binti yangu Hilje, ya miaka thelathini, inakwisha mwaka huu, na fomu ya kuongeza muda isipofika ofisini na sahihi yangu kabla ya Mei mosi, watang'oa jiwe na nafasi watapewa wengine. Zamani mzee Harm, mchimba makaburi, alikuja na karatasi mwenyewe, akanywa kahawa, ukatia sahihi mezani. Sasa ofisi imehamia kwenu, na karatasi zinakuja kwa posta. Ikiangukia kwako, tafadhali niletee, au niandikie nitume mtu. Usinipigie simu. Sikio moja limekufa na la pili linajikongoja.

Wako,
Fenna Huising


Mtaa wa Kanisa 9, Hommelte
13 Februari 1998

Bibi Huising,

Ahsante kwa barua. Naandika kwa mashine ya shule ninakofanya kazi, nisamehe. Mwandiko wangu walimu wenyewe hawausomi.

Wim ni kaka yangu. Ukisikia goti lake limepona ujue anataka kuazimwa gari.

Hapa kwangu haijafika bahasha yoyote ya makaburi.

Kwa kuwa umeanza wewe, niseme wazi ili usije ukasikia kwa watu. Mimi ndiye katibu wa Kamati ya Kutetea Mtaa wa Kanisa wa Hommelte. Manispaa moja haiwezi kuwa na mitaa miwili yenye jina moja, mmoja lazima ubadilishwe, na haitakuwa wetu. Tumeshapoteza jina la kijiji, tumepoteza kilabu cha kuteleza kwenye barafu, bendi yetu inafanya mazoezi na bendi yenu na tarumbeta zenu hazishiki sauti. Jina la mtaa hatulitoi. Sina ugomvi na wewe binafsi.

J. Wolbers


Veldersum, 17 Februari 1998

Bibi Wolbers,

Mtaa wenu wa Kanisa hauna kanisa. Lilibomolewa mwaka 1957 na sasa pale anauza matairi mtu mmoja mwenye mbwa. Wetu una kanisa, na kengele yake hata mimi huisikia. Si bure tunawaita nyuki wa Hommelte, mna kelele kuliko asali.

Hilo nimelisema kwa sababu lazima lisemwe. Sasa rudi kwenye bahasha. Ni ya kijivu, ina dirisha dogo, na pembeni ina nembo yao mpya, ile inayofanana na yai lililopasuka. Jirani yangu aliyezika mumewe safu moja na Hilje alipata yake tangu Januari. Tafadhali angalia na ndani ya magazeti. Saa nyingine huwa zinateleza humo.

Usiku silali vizuri, na mchana naenda dirishani kila nikisikia breki za baiskeli. Jana nilimkimbilia mtu wa posta na kandambili, akadhani nyumba inaungua.

Fenna Huising


Hommelte, 20 Februari 1998

Bibi Huising,

Afadhali nyuki kuliko mbuzi. Kila mtu anajua mlivyompandisha mbuzi kanisani ale nyasi zilizoota kwenye mnara, akafika juu amekwishanyongwa na kamba.

Nimeangalia ndani ya magazeti. Hakuna.

Ningekushauri uende ofisini mwenyewe ukaulize, lakini najua daraja la mfereji limefungwa kwa matengenezo na basi linazunguka saa nzima. Pengine usubiri kidogo. Ofisi mpya zina mambo mengi.

Nakutumia kipande cha mkate wa tangawizi, natumaini hakitavunjika. Mwenye mtoto kaburini hapaswi kukimbizana na posta.

Jantina Wolbers


Veldersum, 3 Machi 1998

Bi Jantina,

Mkate ulifika vipande vinne, nimekula vyote.

Nimekwenda ofisini. Saa moja kwenda, saa moja kurudi, na dereva anasikiliza mpira kwa sauti ambayo hata mimi nilijua nani amefunga. Dirishani kuna binti mpole sana, ananiandikia kwenye karatasi nisipomsikia. Akatafuta, akatafuta, akaniletea bahasha yangu. Ya kijivu, ina dirisha. Ilitumwa tarehe 19 Januari na ilirudishwa.

Mtu ameandika juu yake kwa wino wa buluu, herufi kubwa, amekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka: HAJULIKANI HAPA.

Bi Jantina, nimezaliwa katika mtaa huu. Nimeolewa nyumba ya tatu kutoka nilipozaliwa. Nimekaa pale kwenye kiti cha ofisi nikiwa nimeshika bahasha ile. Binti akaniletea maji.

Nikasema nipe fomu niitie sahihi hapahapa. Akaandika: haiwezekani, kwenye daftari lao mwenye haki ya kaburi amewekwa kuwa hajulikani, na asiyejulikana lazima kwanza athibitishe anwani kwa kupokea barua. Watatuma nyingine. Nikauliza wapi. Akaandika: Mtaa wa Kanisa 9, Middelvelde.

Nilicheka. Ndilo jambo la aibu, nilicheka mbele yake.

Nilipofika makaburini nilikuta wameshachomeka kibao cha plastiki mbele ya jiwe la Hilje: mwenye haki ajitokeze. Nilijitokeza. Nilisimama pale nikasema, nipo hapa. Mpita njia mmoja akanisalimu.

Namshuku yule mvulana wa posta wa zamu ya Jumamosi. Nikimjua aliyeandika vile nitamfuata mpaka mlangoni kwake.

Fenna


Hommelte, 6 Machi 1998

Bi Fenna,

Barua yako nimeipata. Pole sana.

Nimekuwa na kazi nyingi. Kamati tunakusanya sahihi, tumefika mia mbili na kumi. Mwenye duka la matairi naye ametia sahihi, hata mbwa wake angetia kama angepewa kalamu. Mvua haikatiki. Shuleni paa linavuja juu ya piano na mwalimu wa muziki amelia mbele ya watoto. Supu ya njegere nimeiunguza mara mbili wiki hii, mimi ambaye sijawahi kuunguza hata maziwa.

Usimsumbue mvulana wa posta. Pengine si yeye. Mtu anaweza kuandika neno kwenye bahasha bila kufikiri.

Ofisi iko dakika tano kutoka kwangu. Niachie mimi jambo hili. Fomu ya pili ikija kwangu nitajua la kufanya. Wewe kaa nyumbani, usipande basi tena na mguu ule.

Jantina


Veldersum, 27 Machi 1998

Bi Jantina,

Sijawahi kukuandikia habari za mguu. Nani amekuambia nachechemea? Basi, Veldersum na Hommelte hakuna siri.

Jana nilikwenda kwenye mkutano wa majina ya mitaa. Jirani alinipeleka kwa gari. Nilikaa safu ya mbele kwa ajili ya sikio, na nikakuona kwa mara ya kwanza, koti la kijani, mikono kama ya dobi. Ulipopiga meza ukasema Hommelte haitatoa hata herufi moja, nilisikia kila neno. Watu wenu walipiga makofi, wetu wakapiga miguu sakafuni. Nilidhani baadaye utanifuata tunywe kahawa. Ulinitazama, nina hakika ulinijua, kisha ukatoka kwa mlango wa nyuma.

Sikukasirika kwa sababu ya mtaa. Uliahidi kushughulikia fomu, na wiki tatu zimepita bila neno. Zimebaki wiki tano. Niambie tu kama umeshindwa. Kushindwa si kosa.

Nikueleze kwa nini nakusumbua hivi, maana labda unajiuliza kelele zote hizi za nini kwa mtoto wa miaka thelathini iliyopita. Hilje aliishi siku kumi na moja. Mume wangu Berend alichonga sanduku mwenyewe, akalibeba mwenyewe kwenye baiskeli, na tangu siku ile hakulitaja jina lake tena mpaka alipokufa. Hatukupata mtoto mwingine. Picha hatukuwahi kupiga. Watu walituambia tusahau, ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Kuna jiwe tu, limeandikwa Hilje Huising na mwaka mmoja. Likiondolewa, hakuna mahali popote ambapo imeandikwa kwamba alikuwepo.

Fenna


Hommelte, 18 Aprili 1998

Bi Fenna,

Leo naandika kwa mkono na kwa wino wa buluu. Tazama herufi zangu za J na H, utaelewa kabla sijasema.

Ni mimi niliyeandika HAJULIKANI HAPA.

Mwezi wa Januari zilikuja bahasha kumi na moja za mtaa wenu. Nilikuwa na hasira. Nilisema mbele ya kamati kwamba kila barua ya Veldersum ikiangukia mlangoni kwangu naitemea, wakacheka, nikajiona shujaa. Sikusoma zinatoka wapi wala zinakwenda kwa nani. Niliandika neno lile juu ya zote kumi na moja, nikazirudisha kwenye sanduku la posta nikipiga mluzi. Barua yako ya kwanza ilipokuja nilijua saa ileile. Nikakuandikia kwamba haijafika. Nilidhani itajirekebisha yenyewe kabla hujajua. Kila barua yako iliyofuata niliifungua jikoni nimesimama.

Kuhusu mguu wako, nilikuona ukishuka kwenye basi la Veldersum siku uliyokuja ofisini, nikakisia ni wewe. Nilikuwa upande wa pili wa barabara. Sikuvuka.

Fomu ya pili iliangukia kwangu tarehe 30 Machi. Nilipanda baiskeli nikuletee, ni kilomita kumi na nne kwa kuzunguka. Nilifika nusu ya njia, nikageuza. Sikuweza kufikiria uso wako. Nikaenda na fomu ofisini kueleza kila kitu kwa binti wa dirishani. Akasema fomu imerudi tena bila sahihi ya mwenyewe, na mara ya pili mfumo unamfunga kabisa asiyejulikana. Akaniambia kwamba sasa ndugu wa marehemu tu ndiye anayeweza kuomba haki ile kwa jina lake mwenyewe, na orodha ya kuondoa mawe ya wasiojulikana inafungwa mapema, kabla ya Pasaka. Hiyo ilikuwa siku mbili mbele.

Nilichukua kalamu nikajaza. Jina: Jantina Wolbers. Penye uhusiano na marehemu nilikaa muda mrefu, watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Nikaandika: mama mdogo.

Jiwe litabaki miaka ishirini. Kibao cha plastiki wamekiondoa, binti wa dirishani amenihakikishia. Lakini haki ya kaburi la mtoto wako sasa ni yangu kwa maandishi. Cheti kimo humu.

Sina la kujitetea.

Jantina Wolbers


Veldersum, 21 Aprili 1998

Bibi Wolbers,

Uliniibia mara mbili. Mara ya kwanza uliniondolea jina langu, mara ya pili umejipa mtoto wangu.

Ulinitumia mkate. Nilikula mkate wako nikakusifia kwa majirani, nikasema kumbe Hommelte nako kuna watu.

Mama mdogo. Mimi nilikuwa na dada mdogo, aliitwa Aaltje, alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka tisa. Hilje hakuwa na mama mdogo. Aaltje ndiye angekuwa. Hukuuliza, uliandika tu, kama ulivyoandika kwenye bahasha.

Usiniandikie.

F. Huising


Hommelte, 27 Aprili 1998

Bibi Huising,

Naandika ingawa umenikataza, kwa sababu kuna karatasi lazima ikufikie, na posta siiamini tena. Nimeitumbukiza mwenyewe kwenye mlango wako leo asubuhi. Daraja limefunguliwa. Sikupiga kengele.

Ni fomu ya kuhamisha haki ya kaburi kutoka kwangu kuja kwako. Mimi nimeshatia sahihi. Ukitia yako na kuirudisha, kila kitu kitakuwa mahali pake. Binti wa dirishani amekwisha kuandika kwenye daftari kwamba Fenna Huising wa Veldersum anajulikana. Nilisimama pale mpaka nikaona anaandika.

Jambo la pili, lisilo na uzito kwako sasa. Jana nimeiambia kamati kwamba mtaa wetu ndio ubadilishwe jina. Hawakuamini. Mwenyekiti aliniuliza kama mbuzi wamenilisha kitu. Wim hazungumzi na mimi, jambo ambalo lina faida zake. Nilisema jina la mtaa ni kwa ajili ya barua kufika, na zetu hazifiki. Sikueleza zaidi. Ukatibu nimeuacha.

Kuhusu dada yako Aaltje sikujua. Ningejua nisingeandika lile. Sijui ningeandika nini.

J. Wolbers


Mtaa wa Kanisa 9, Veldersum
5 Mei 1998

Bi Jantina,

Jana jioni nilikuona.

Hujui kwa nini mimi huwapo pale kila mwaka. Tarehe nne Mei nchi nzima hunyamaza dakika mbili kwa ajili ya waliokufa vitani, na mimi husimama na wengine pale makaburini, kofia zimevuliwa, bendera nusu mlingoti. Hilje alikufa tarehe nne Mei. Miaka thelathini nimenyamaza kwa ajili yake katikati ya watu wote hawa, na hakuna aliyejua kwamba mimi nanyamazia mtu mwingine.

Mwaka huu manispaa imefanya hafla moja kwa vijiji vyote, kwetu, na nyuki wote wa Hommelte mkavuka daraja. Bendi ilipiga. Lazima nikubali tarumbeta zenu zimesaidia. Kisha kimya kikaingia, na kimya mimi nakijua vizuri kuliko mtu yeyote. Watu wote walitazama bendera. Wewe peke yako ulikuwa umeondoka kwenye kundi, umesimama kando na koti lako la kijani, umeinamisha kichwa mbele ya jiwe. Tulipomaliza, ulifuta macho kwa kiganja, ukapanda baiskeli.

Ulikuwa unamlilia mwalimu Dekker, ambaye jina lake limefutika kwenye jiwe. Alikufa na miaka themanini na nane, na alikuwa akitupiga fimbo vidoleni.

Nilikuwa bado nimekasirika nilipotoka nyumbani. Na hata sasa bado. Lakini kukuona pale mbele ya Dekker, umelikosa kabisa kaburi la mtoto, kulinifanya nicheke hata mke wa meya akageuka. Na nilipokwisha kucheka nilikuwa na swali ambalo sijawahi kujiuliza: kwa hesabu yao, haki hii inakwisha mwaka 2018. Mimi nitakuwa na miaka tisini na miwili, maana yake sitakuwepo. Bahasha ya kijivu itatumwa tena. Itatumwa kwa nani? Berend hayupo, Aaltje hayupo, mtoto mwingine sina. Itafika kwenye nyumba namba tisa, atakayekuwa anakaa humu ataisoma, na kwa haki kabisa ataandika juu yake kwamba mimi sijulikani.

Una umri gani? Nilimwuliza jirani, akasema hamsini na mitano. Basi utakuwa sabini na mitano. Nyuki mnaishi sana.

Fomu yako nakurudishia humu. Sikuitia sahihi. Haki ibaki kwako, na siku bahasha ikija usiiandike kitu juu, ifungue.

Sasa sikiliza, usirudie kumlilia Dekker. Unapoingia getini hesabu safu ya tatu kutoka ukuta wa kanisa, kanisa ambalo sisi tunalo. Pita kaburi lenye jiwe jeusi la familia ya Oving. Linalofuata, dogo, la kijivu, lenye ukoga upande wa kaskazini, ndilo lake. Ukoga usiuparuze kwa kisu, tumia brashi na maji. Alizaliwa tarehe 23 Aprili, Jumanne, saa ya kahawa. Hakulia sana. Alikuwa na nywele nyeusi tii, nyingi, zimesimama wima, na sisi sote ni weupe wa nywele, kwa hiyo mkunga alisema zitadondoka zote na zitaota nyingine. Hazikuwahi kudondoka. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayelijua hilo, na mama mdogo wake anapaswa kulijua.

Fenna